Yanayoamua ukubwa wa nyoka wa mahindi anayefugwa nyumbani

NYOKA wa mahindi ni miongoni mwa nyoka wanaofugwa kwa wingi zaidi majumbani nchini Marekani na barani Ulaya. Hana sumu, ni mpole akizoeshwa, na chakula chake ni panya.

Hata hivyo, kuna swali ambalo limewatatiza wafugaji wake kwa miaka mingi. Ni kwa nini nyoka wawili walioanguliwa siku moja, kutoka kwa mama mmoja, wanaweza kupitana kwa urefu wa mkono mzima baada ya miaka miwili tu?

Jibu halimo katika jambo moja. Ukubwa wa nyoka huyu hutokana na urithi wa wazazi, chakula, joto, jinsia, uzazi na afya. Baadhi ya mambo hayo mfugaji hana uwezo nayo. Mengine yamo mikononi mwake, na akiyakosea, gharama hulipwa na mnyama mwenyewe kwa kufupishiwa maisha.

Asili na maumbile

Kisayansi nyoka huyu huitwa Pantherophis guttatus. Aliyemweleza kitaalamu kwa mara ya kwanza ni mwanasayansi wa Uswidi, Carl Linnaeus, mnamo 1766.

Makao yake ya asili ni kusini mashariki mwa Marekani, kuanzia jimbo la New Jersey hadi ncha ya kusini ya Florida. Huishi katika misitu ya misonobari, vichaka, mashamba yaliyoachwa bila kulimwa na majengo ya mashambani.

Kuhusu jina lake kuna maelezo mawili. Wapo wanaosema aliitwa hivyo kwa sababu wakulima walizoea kumkuta katika maghala ya mahindi akiwinda panya. Wengine husema ni kwa sababu tumbo lake lina madoa meusi na meupe yaliyopangika mithili ya punje za mahindi ya rangi mseto.

Anapoanguliwa huwa na urefu wa kati ya sentimita 20 na 35, na uzito wa gramu chache tu. Aliyekomaa aghalabu huwa na urefu wa sentimita 90 hadi 150. Wachache mno hukaribia sentimita 180, na hicho ndicho kilele cha aina hii.

Porini wengi hawafikishi miaka kumi, kwa kuwa huliwa na mwewe, wanyama wala nyama na nyoka wenzao, au hukanyagwa na magari. Wanaofugwa vyema huishi miaka 15 hadi 20, na wengine huivuka.

Namna nyoka anavyorefuka

Idadi ya pingili za uti wa mgongo wa nyoka huamuliwa angali ndani ya yai. Akishaanguliwa haongezi hata moja. Anachofanya ni kukuza kila pingili aliyozaliwa nayo, na mwili wote hurefuka pamoja nazo.

Kasi hiyo hailingani maishani mwote. Miaka miwili ya mwanzo ndiyo ya ukuaji mkubwa, ambapo nyoka anayelishwa vizuri huweza kuongeza urefu wake mara tatu au zaidi. Baada ya kubaleghe, kati ya miezi 18 na miaka mitatu, kasi hupungua sana.

Wengi huamini kwamba nyoka hukua hadi siku ya kufa. Kuna chembe ya ukweli katika dhana hiyo, kwa kuwa nyoka hana umri maalumu ambapo ukuaji hukoma ghafla kama ilivyo kwa binadamu. Lakini nyongeza ya miaka ya baadaye ni ndogo kiasi kwamba mfugaji huenda asiitambue. Nyoka wa mahindi mwenye umri wa miaka minne huwa amekaribia kimo chake cha mwisho.

Kujivua gamba nako huhusishwa na ukuaji. Nyoka mchanga hujivua takriban kila mwezi au mwezi na nusu, ilhali mkubwa hukaa miezi kadhaa. Ikumbukwe kuwa kujivua gamba hakumfanyi nyoka akue. Huwa ni ishara kwamba ngozi ya nje imechakaa au imembana, na hata nyoka asiyeongeza urefu hujivua.

Urithi wa wazazi

Jambo la kwanza linaloweka mpaka wa ukubwa ni damu ya ukoo. Nyoka aliyezaliwa na wazazi wafupi hawezi kugeuzwa jitu kwa wingi wa chakula.

Tofauti hizo huonekana hata baina ya maeneo anakotoka. Nyoka wa mahindi wenye asili ya viunga vya Miami, kusini mwa Florida, wanajulikana miongoni mwa wafugaji kwa miili midogo na rangi ya kijivu. Wale wa Okeetee, katika jimbo la South Carolina, wanasifika kwa rangi nyekundu iliyoiva na miili iliyojengeka.

Wafugaji wamekuwa wakizalisha nyoka hawa wa rangi mbalimbali tangu miaka ya 1960. Leo kuna weupe wenye macho mekundu, wa rangi ya chungwa, wa kijivu na hata wasio na madoa kabisa.

Jeni nyingi za rangi zenyewe hazipunguzi kimo. Hatari huja pale ndugu wanapozalishwa na ndugu, kizazi baada ya kizazi, ili rangi fulani isipotee. Uzao wa namna hiyo huweza kuwa dhaifu, wenye vichanga wasiopenda kula na wanaodumaa. Anayenunua nyoka hufanya busara kuwaangalia wazazi wake kabla ya kuvutiwa na rangi.

Kuna pia mchango wa yai lenyewe. Mama mwenye mwili mzuri hutaga mayai makubwa, na mayai makubwa hutoa vichanga wakubwa. Mayai hayo huatamiwa kwa mashine katika joto la nyuzi 26 hadi 29 za Selsiasi, na huanguliwa baada ya miezi miwili hivi. Joto likizidi, vichanga huweza kutoka wakiwa wadogo au wenye uti wa mgongo uliopinda.

Chakula ndicho msingi

Miongoni mwa mambo anayoyadhibiti mfugaji, hakuna linaloshinda chakula. Umuhimu wake hudhihirika mapema maishani.

Watafiti Thomas Madsen na Richard Shine waliwafuatilia chatu wa majini huko kaskazini mwa Australia, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2000. Waligundua kuwa chatu waliobahatika kula vizuri katika mwaka wao wa kwanza, panya walipokuwa wengi, waliendelea kukua kwa kasi zaidi hata miaka ya baadaye. Waliozaliwa wakati wa njaa walibaki nyuma.

Chatu hao si nyoka wa mahindi, na mtu hawezi kuhamisha kila tarakimu kutoka aina moja hadi nyingine. Lakini funzo linalingana na wanayoyaona wafugaji: nyoka aliyenyimwa chakula utotoni aghalabu hurudisha sehemu ya kimo alichopoteza akianza kulishwa vyema, ila si hakika kwamba atakirudisha chote.

Kwa kawaida kichanga hupewa panya mmoja aliyezaliwa karibuni, asiye na manyoya, kila baada ya siku tano hadi saba. Anapokua, ukubwa wa panya huongezwa hatua kwa hatua. Aliyekomaa hutosheka na panya mmoja mkubwa kila baada ya siku kumi hadi 14.

Kanuni inayofuatwa na wengi ni kwamba unene wa panya ulingane na unene wa nyoka katikati ya mwili, au uuzidi kwa nusu yake. Panya mdogo mno humwacha nyoka na njaa. Mkubwa mno humfanya atapike.

Panya mzima, pamoja na mifupa na viungo vya ndani, ni chakula kamili. Humpa nyoka protini, kalisiamu na vitamini anazohitaji. Vipande vya nyama ya ng'ombe au kuku havitoshi, kwa kuwa havina mifupa, na nyoka anayelishwa hivyo huwa na mifupa dhaifu.

Tatizo jingine ni vichanga wanaokataa panya. Porini watoto wa nyoka huyu hula mijusi na vyura wadogo wa mitini, na baadhi yao huzaliwa wakitambua harufu hiyo pekee. Wafugaji wenye uzoefu humsugua panya kwa mjusi ili apate harufu hiyo, kisha humpa nyoka. Wiki chache za kususia chakula zatosha kumwacha kichanga nyuma ya ndugu zake.

Madhara ya kumvimbiza

Baadhi ya wafugaji, hasa wanaotaka kuuza au kuzalisha haraka, huwalisha nyoka wao kupita kiasi. Hutoa panya kila baada ya siku mbili au tatu, au huwapa kadhaa kwa mpigo, wakitarajia nyoka akomae katika mwaka mmoja.

Ni kweli kwamba nyoka huyo hukua upesi. Lakini kasi si sawa na ukubwa wa mwisho, kwani mpaka uliowekwa na urithi haupanuki. Kinachoongezeka baada ya hapo ni mafuta.

Nyoka hana mahali pa kuficha mafuta chini ya ngozi kama binadamu. Huyahifadhi ndani ya tumbo, kando ya viungo muhimu. Yakizidi, ini hujaa mafuta na kushindwa kufanya kazi, na majike hupata matatizo ya kutaga.

Dalili za unene huonekana. Mwili wa nyoka mwenye afya, ukitazamwa kwa kuukata kwa fikra, hufanana na mkate wa boflo: chini bapa, juu mviringo. Aliyenenepa huwa duara kabisa, ngozi huonekana katikati ya magamba hata akiwa hajala, na mkia huanza ghafla kana kwamba ulibandikwa. Aliyekonda huonyesha uti wa mgongo uliochomoza kama paa la nyumba.

Mzigo wa kusaga chakula nao si mdogo. Nyoka anapomeza, utumbo wake hupanuka na viungo vya ndani huanza kufanya kazi kwa bidii, kisha hutulia tena mlo ukiisha. Anayelishwa bila kupumzika hunyimwa muda ambao maumbile yalimtengea wa kurejea katika hali ya kawaida.

Joto

Nyoka hatengenezi joto la mwili kama mamalia. Hulipata nje, kwa kuota jua au kulalia kitu chenye moto. Kwa hivyo chakula pekee hakitoshi. Bila joto hakisagiki.

Kizimba cha nyoka wa mahindi hutakiwa kuwa na pande mbili. Upande mmoja uwe na joto la nyuzi 28 hadi 32 za Selsiasi, na mwingine uwe na nyuzi 22 hadi 26. Nyoka mwenyewe huchagua, akienda penye joto baada ya kula na kurudi penye baridi akishiba joto.

Akikosa joto, vimeng'enya vya tumboni hufanya kazi polepole. Panya huweza kuoza ndani kabla ya kusagwa, na nyoka hutapika. Kila anapotapika hupoteza chakula, maji na wiki nzima au mbili za ukuaji, kwa kuwa hapaswi kulishwa tena mara moja.

Kwa upande mwingine, joto lililopindukia huua. Sehemu ya moto isiyo na themostati huweza kumchoma nyoka tumboni bila yeye kuondoka. Aidha, nyoka aliyefungiwa penye joto tupu hutumia nguvu nyingi kuishi tu, na kinachobaki cha kujenga mwili huwa haba.

Usingizi wa baridi

Katika majimbo ya kaskazini mwa makao yake, nyoka huyu hujificha ardhini majira ya baridi kwa miezi kadhaa bila kula. Kusini mwa Florida, ambako baridi ni kidogo, huweza kutembea na kuwinda karibu mwaka mzima.

Baadhi ya wafugaji huiga majira hayo ili kuwaandaa nyoka kwa uzazi. Wengine hawafanyi hivyo kamwe. Anayelala hakui kipindi hicho, hivyo huchelewa kidogo, lakini hilo halimdhuru nyoka mzima mwenye afya. Kichanga aliyekonda au mgonjwa hapaswi kulazwa, kwani huenda asiamke.

Jinsia na uzazi

Kwa wastani dume la nyoka wa mahindi humpita jike kwa urefu kiasi, na mkia wake ni mrefu na mnene zaidi. Sababu inayotolewa na wanasayansi ni kwamba madume hushindana mweleka wakati wa kujamiiana, wakisukumana na kuangushana chini, na mwenye mwili mkubwa ndiye hushinda.

Hali hii ni kinyume cha ile ya nyoka wengi ambao Wakenya wanawafahamu. Chatu wa Afrika, kwa mfano, jike ndiye mkubwa. Vivyo hivyo kwa yule nyoka wa kahawia asiye na sumu aingiaye majumbani kuwinda panya, ambaye jike wake humzidi dume kwa mbali. Huko mwili mkubwa huwa na faida ya kubeba mayai mengi.

Uzazi nao huathiri kimo cha jike. Nguvu ambazo zingerefusha mwili huelekezwa kwenye mayai, ambayo kwa mtago mmoja huwa kati ya kumi na 30. Baada ya kutaga, jike hubaki amekonda na huhitaji wiki nyingi za kujirudishia mwili.

Ndiyo maana wafugaji makini hufuata kanuni ya tatu mara tatu: jike asizalishwe kabla ya kufikisha umri wa miaka mitatu, urefu wa futi tatu na uzito wa gramu 300. Anayeharakishwa huweza kukwamiwa na mayai na kufa.

Maradhi yanayodumaza

Nyoka anayekula vizuri lakini hakui anapaswa kuchunguzwa na daktari wa mifugo. Minyoo ya tumboni hula sehemu ya chakula chake. Utitiri hujificha chini ya magamba na kumfyonza damu, na nyoka mchanga huweza kuishiwa nguvu.

Ugonjwa unaoogopwa zaidi ni ule unaoletwa na kijidudu kiitwacho Cryptosporidium serpentis. Hushambulia tumbo, ambalo huvimba katikati ya mwili, na nyoka hutapika mara kwa mara huku akikonda. Hauna tiba ya uhakika na huambukiza. Kwa sababu hiyo nyoka mgeni hutengwa na wenzake kwa muda wa miezi kadhaa.

Msongo wa mawazo nao husababisha kususia chakula. Nyoka asiye na pa kujificha, anayeshikwashikwa kila saa au aliyefungiwa pamoja na mwenzake, huishi kwa hofu. Wapo hata waliowahi kuwameza wenzao.

Dhana kwamba kizimba kidogo hudumaza

Wengi hudai kwamba nyoka hukua kulingana na ukubwa wa kizimba chake. Dhana hii si ya kweli. Nyoka anayekula vizuri katika boksi dogo ataendelea kurefuka hadi asipate pa kugeukia.

Huenda dhana hii ilizuka kwa sababu anayembania nyoka nafasi mara nyingi humbania pia joto na chakula. Kinachodumaza ni uangalizi mbovu. Hali kadhalika, kizimba kikubwa hakimrefushi nyoka, ila humpa nafasi ya kutambaa, kupanda na kujenga misuli badala ya mafuta.

Namna ya kupima

Kupima urefu wa nyoka aliye hai ni kazi ngumu kwa kuwa hatulii. Njia rahisi ni kumpiga picha kando ya rula, kisha kufuatisha uzi juu ya uti wa mgongo katika picha hiyo.

Gamba lililovuliwa halifai kutumiwa kama kipimo, maana hunyooka na kurefuka kuliko mwili uliolibeba. Wengi waliojigamba kuwa na majitu walipima gamba.

Mizani ya jikoni ndiyo chombo bora zaidi. Nyoka apimwe mara moja kwa mwezi akiwa hana chakula tumboni, na uzito uandikwe. Anayepungua miezi miwili mfululizo bila ya kutaga au kulala usingizi wa baridi ana kasoro inayohitaji kutafutwa.

Sheria na mazingira

Nyoka wa mahindi si wa Afrika. Nchini Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inamtaka anayekusudia kufuga wanyamapori apate kibali kwanza, na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini, KWS, ndilo la kuulizwa.

Masharti hayo yana maana. Nyoka huyu amejijenga katika visiwa kadhaa vya Karibi visivyo makao yake, kikiwemo Grand Cayman na baadhi ya visiwa vya Bahamas. Australia, ambako ni marufuku kumfuga, imewahi kuwanasa wakiwa huru.

Mnyama anayekula panya, ndege, mayai na mijusi, anayetaga mayai kumi hadi 30 na anayestahimili baridi na joto, si wa kuachiliwa kichakani mwenyewe anapochoka naye. Wanaochoka mara nyingi ni wale walioambiwa watabaki na nyoka mdogo, wakajikuta na mnyama wa futi tano atakayeishi miaka 20.

Kwa jumla, urithi huweka mpaka wa kimo, nao mfugaji huamua iwapo nyoka ataufikia akiwa mzima. Anayetimiza futi nne katika miaka mitatu hadi minne, akiwa na misuli imara na mwili usio duara, amekua ipasavyo. Aliyefikishwa hapo kwa mwaka mmoja ameharakishwa, na huenda asizeeke.